Saa janja kwa vijana wanaonenepa: tununue au tuache?

Mama wa Sakina: Wadau, kijana wangu ana miaka 14 na suruali ya sare niliyoshona Januari haifungi tena. Shule anayosoma hapa Arusha imeleta barua: kila mzazi anunue saa janja ya kuhesabu hatua, iunganishwe na simu yake. Mimi naunga mkono. Mnasemaje?

Wa Ngarenaro: Filbert Bayi katoka Karatu, 1974 kavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch. Nani alimhesabia hatua? Watoto wanachukuliwa na basi mlangoni, jioni chipsi mayai na soda. Akina mama mmeacha kupika, basi.

Mama wa Sakina: Nimeacha kupika? Saa kumi na moja alfajiri nimeshabandika mtori, saa moja niko soko la Kilombero nafungua beli la mitumba. Baba yake ana mikono miwili pia.

Wa Ngarenaro: Sijakutaja wewe, dada.

Baba Njiro: Umesema "akina mama". Yeye si mama? Muombe radhi. Kwangu chipsi nanunua mimi, kila Ijumaa, na kosa ni langu.

Mwalimu, Moshi: Jamani, saa! Marekani kuna utafiti ulitoka 2016, watu zaidi ya 400 kwa miaka miwili. Wote walipewa mpango wa chakula na mazoezi. Waliovaa vifaa walipungua wastani wa kilo 3.5, wasiovaa 5.9. Walikuwa wa miaka 18 hadi 35, si watoto wetu, lakini inatosha kutushtua. Na zile hatua 10,000 tunazoambiwa tutembee kila siku zilianzia kwenye kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani 1965. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku kwa miaka 5 hadi 17.

Mama Kijenge: Dakika 60 wapi, mwalimu? Kiwanja cha mtaani kwetu kimejengwa fremu za maduka. Binti yangu akitembea pembeni ya barabara, bodaboda zinamfuata hukohuko.

Wa Ngarenaro: Hapo kwenye kiwanja nakubali. La kupika sirudi nyuma.

Kidato cha tatu: Shikamooni wazazi. Mimi nina miaka 16, mwaka jana nilivaa hiyo saa. Kila Ijumaa namba zetu zilisomwa mbele ya darasa, na yangu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nikawa nalala kitandani natikisa mkono tu, hatua zinapanda. Chakula cha mchana nikaacha kabisa. Mama aligundua nilipoanguka mstarini.

Mama wa Sakina: Marahaba mwanangu. Pole sana. Jumatatu naenda shuleni kuuliza hizo namba zitasomwa na nani, kabla sijatoa hata shilingi. Na wewe wa Ngarenaro, nasubiri jibu: kwako anapika nani?