Flashi ya GB 64 kumbe haifiki hata GB 4! Siku nne naitukana Linux bure, na muuza duka wa Ngamiani anasema nimeiharibu mwenyewe

Wakuu, leo salamu fupi, maana nina donge hapa kooni.

Jumamosi nilikwenda Ngamiani, hapa Tanga, nikanunua flashi ya GB 64 kwa 12,000. Kasha limefungwa safi, namba 64 imeandikwa kubwa hadi dereva wa bajaji anaisoma bila kupunguza mwendo. Nikajiona mjanja, nimepata cha bei rahisi. Mjanja wapi!

Laptopu yangu ni EliteBook ya mtumba, prosesa ya Intel kizazi cha 6. Windows 11 haiitaki, Microsoft wanaanzia kizazi cha 8. Windows 10 nayo walishaipa mkono wa kwaheri tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Nikasema yaishe, nahamia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ile aina yake inayoitwa Ubuntu. Faili lake la kuinstolia, yaani ISO, siku hizi linakaribia GB 6, bando langu lote la wiki likaishia hapo.

Nikaiandika ISO kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Mstari wa kijani ukajaa mpaka mwisho, ikasema tayari. Nikawasha mashine, F9, nikachagua flashi, menyu ya kuinstoli ikaja vizuri tu. Nikabonyeza Enter. Nembo ikazunguka, ikazunguka, kisha kioo chote kikajaa mistari myeupe inayopanda kama siafu: SQUASHFS error, SQUASHFS error, namba, SQUASHFS error tena. Mwisho ikanitupa kwenye kioo cheusi chenye kimstari kimeandikwa (initramfs), kinapepesa tu kinanisubiri mimi niseme neno. Niseme nini sasa?

Nikaja humu jukwaani kuomba msaada. Sitawataja, mnajijua. Mmoja akasema "Linux si ya kila mtu." Mwingine akasema ISO imeharibika, shusha upya. Nikanunua bando lingine, nikashusha upya. Safari hii nikalinganisha SHA256, ile namba ya kuhakiki kama faili ni zima, na ile ya kwenye tovuti ya Ubuntu, herufi kwa herufi. Sawasawa. Nikalinganisha na lile faili la kwanza ambalo sikuwa nimelifuta: nalo sawasawa! Maana yake bando la pili nimelitupa baharini pale Raskazone nikiwa nimekaa nyumbani.

Jumatatu nikampelekea fundi. Huyu ndiye kaniudhi zaidi hata ya flashi yenyewe. Kaiangalia dakika mbili, kasema RAM imekufa, toa 15,000 ya kuchunguza. Nikatoa. Baadaye kasema hapana, ni Secure Boot, ule ulinzi unaozuia mfumo usio na saini kuwaka, akaizima. Haikusaidia kitu, na isingesaidia, kwa sababu Ubuntu ina saini inayokubalika na Secure Boot, na kama ingekuwa inazuiwa, ile menyu nisingeiona kabisa. Kizuizi cha mlangoni hakiwezi kukukamata ukiwa umeshakaa sebuleni. Nilipomwambia hivyo akanuna. Hela hakurudisha.

Jumanne usiku binamu yangu wa Makorora, ambaye anatumia Linux miaka, akaniuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wenu aliniuliza: "Hiyo flashi umenunua wapi?" Nikamwambia. Akacheka. Akaichomeka kwenye mashine yake, akaendesha programu ya kupima flashi inaitwa f3probe. Ikamaliza upesi tu, nikapewa majibu: kifaa ni bandia, aina ya "limbo". Ukubwa kinaotangaza, GB 62 na ushee. Ukubwa unaotumika kweli, GB 3.74.

Mnaelewa wizi wenyewe ulivyo? Ndani kuna chipu ndogo, ila ile kontrola inayoiongoza imefundishwa kusema uongo. Kompyuta ikiuliza una nafasi kiasi gani, inajibu 64. Ukiandika ndani ya zile GB 3.74, data inakaa. Ukipita hapo inapokea tu, inasema "nimeandika", na haijaandika kitu. Ndiyo maana Rufus ilimaliza kwa raha na menyu ikafunguka: mafaili madogo ya kuwashia yalipata pa kukaa, yale makubwa yenye mfumo wenyewe yakaangukia hewani. Na ndani ya Rufus kuna kisanduku cha kukagua flashi kabla ya kuandika, ungetia tiki kingeiumbua. Kinachukua muda, nikakiruka kwa kuogopa umeme usikatike. Hilo kosa langu, nalimeza.

Jumatano nikaazima flashi ya GB 16 ya ustadhi wa madrasa ya mtaani kwetu. Imepauka, mfuniko haina, imejaa kaswida za Maulidi. Nikazihamisha kwanza, nikaandika ISO ileile ya kwanza, mashine ileile, RAM ileile "iliyokufa". Haikumaliza nusu saa, Ubuntu imekaa. Uzi huu naandikia humohumo.

Leo asubuhi nimerudi dukani na ile flashi na picha ya majibu. Muuzaji hata hakuiangalia. "Kaka, hiyo Linux yako ndiyo imeila. Flashi hizi ni za kuwekea nyimbo." Nikamwomba anibadilishie, kasema mali ikitoka hairudi. Risiti? Hakunipa, na mimi sikuidai, nilikuwa na haraka ya daladala. Nikiwa palepale kaingia binti wa chuo, kanunua ileile ya 64, anasema anaweka kazi yake ya utafiti. Nikamwambia dada subiri, usiweke kitu humo. Muuzaji akanifokea nisimharibie biashara. Binti akaniangalia kama kichaa, akalipa, akaondoka.

Najua bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani. Ninachotaka kujua kwa aliyewahi kupeleka shauri kama hili akiwa huku Tanga: bila risiti wanakupokea? Ninayo flashi, kasha lake, na picha ya f3probe. Na wewe uliyeniambia Linux si ya kila mtu, bando langu la pili utalirudisha lini?