Naomba ushauri: .308 ya umbo la kijeshi au .30-06 ya mbao?

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za leo.

Niko Liwale, Lindi. Namiliki shotigani kwa leseni, na sasa nataka kuomba polisi kibali cha bunduki ya kuwindia. Zimebaki mbili, kila moja na saizi yake ya risasi: .308 ya umbo la kijeshi, kitako cheusi cha plastiki, ila ya kukoki kwa mkono kila ukipiga. Na bunduki kuukuu aina ya Mauser ya .30-06, kitako cha mbao. Nyeusi inanivutia, sikatai. Mzee wangu anaiona kama ya askari wa doria, eti itaniletea maswali njiani.

Kinachonisumbua hasa ni risasi. Nimeulizia Mtwara na Dar, bei zinapishana mno. Muuzaji mmoja ananisukumia zile nafuu za kijeshi, zilizofunikwa shaba hadi nchani. Kwa mazoezi ya shabaha ni sawa, lakini kwa kongoni au pofu? Zinatoboa na kupita bila kupanuka, mnyama anaenda kufia mbali.

Wenye .308, risasi za ncha laini (zinazopanuka zikimpiga mnyama) mnazipata kwa urahisi kuliko za .30-06? Na umbo la kijeshi liliwasumbua kwenye leseni?