Tumelipishwa kuingia uwanja aliomalizia mbio Akhwari, tukaishia getini!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kama una mpango wa kwenda Mexico City na umekutana na tangazo la "ziara ya Olimpiki ya 1968", soma uzi huu kabla hujatoa hela yako.

Tulikuwa kundi la Watanzania na Wakenya tunaoishi Texas, pamoja na watoto wetu. Kampuni ya utalii tuliyoilipa siitaji jina kwa sababu madai yetu ya kurudishiwa pesa bado yako benki. Tangazo lao lilisema wazi kabisa: mtaingia ndani ya Estadio Olímpico Universitario, mtakaa jukwaani, mtashuka mpaka chini uwanjani. Dola 70 mtu mzima, mtoto nusu. Kuna vitu vingi vya kuangalia Mexico City, sisi tulichagua hicho kwa sababu ya mtu mmoja: John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania.

Kwa wadogo zangu wasiomjua. Tarehe 20 Oktoba 1968 marathoni ya Olimpiki ilianzia Zócalo, katikati ya jiji, kuja kumalizikia kwenye uwanja huo. Jiji lile liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, na misuli ikaanza kumbana Akhwari mapema. Kabla hata ya nusu ya safari akaanguka kwenye msukumano wa kugombea nafasi, goti likateguka, bega likagonga lami. Akafungwa bandeji, akanyanyuka, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani kwa 3:25:27. Medali zilishatolewa, jua lilishazama, watu wachache tu walikuwa wamebaki majukwaani, naye anachechemea na bandeji mguuni mpaka akavuka mstari. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Wengine walishaacha njiani, akiwemo Abebe Bikila mwenyewe, bingwa wa 1960 na 1964. Akhwari alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kwenda kuzimaliza.

Hayo yote yalitokea ndani. Siyo nje. Ndiyo maana tulilipia ndani.

Sasa sikilizeni tulichofanyiwa. Basi dogo lilitushusha kando ya Avenida Insurgentes, tukatembea mpaka getini. Geti limefungwa. Mlinzi akaomba karatasi ya ruhusa, mwongozaji wetu akaanza kupigapiga simu. Hakuna karatasi, hakuna aliyeomba ruhusa, hakuna chochote. Mlinzi alikuwa mstaarabu na simlaumu hata kidogo, alikuwa kazini. Mwenye kosa ni yule aliyechukua hela zetu wiki kadhaa kabla na hakuandika hata barua moja ya kutuombea kuingia.

Na kwa wasioufahamu, uwanja ule umejengwa ukiwa umezama ardhini. Sehemu ya kuchezea iko chini kuliko nje, na majukwaa yameegemea matuta ya udongo ulioshindiliwa, yakafunikwa kwa mawe meusi ya volkano ya eneo lile. Ni ujenzi wa akili sana, uwanja ulifunguliwa 1952 na leo uko ndani ya eneo la urithi wa dunia la UNESCO tangu 2007. Lakini maana yake ni kwamba ukisimama getini huoni hata jani moja la nyasi. Kijana wangu alivaa jezi ya Taifa Stars aliyoiandaa kwa siku hiyo, akashika nondo za geti, akawa anachungulia mteremko wa mawe tu. Akaniuliza, "Baba, alipita wapi?" Sikuwa na cha kumwonyesha.

Mwongozaji alipoona tumenuna akatuambia tusijali, kitu kikubwa ni mchoro wa Diego Rivera, msanii maarufu wa Mexico, ulioko ukutani kwa nje. Nakubali ni kazi kubwa. Haukuchorwa kwa rangi, umepangwa kwa mawe ya asili yenye rangi mbalimbali, umechomoza kutoka ukutani: baba na mama wanampa mtoto wao njiwa, kuna tai na kondori, wanariadha wanawasha mwenge. Rivera alitaka kuuzungusha uwanja wote, akafariki 1957 kazi ikiwa haijafika mbali. Ningeweza kuuangalia nusu siku. Ila mchoro huo mpita njia yeyote anauona akiwa barabarani, hatoi hata senti. Unanilipishaje dola 70 kwa ukuta wa nje?

Kilichonichoma zaidi ni maelezo. Jamaa alikuwa na picha zilizopigwa plastiki, anatuonyesha moja moja. Bob Beamon yuko hewani kwenye kuruka chini, ile ya mita 8.90. Tommie Smith na John Carlos, Wamarekani weusi, wameinua ngumi kupinga ubaguzi. Enriqueta Basilio na mwenge, mwanamke wa kwanza kuwasha moto wa Olimpiki. Msinielewe vibaya, wote hao wanastahili na watoto wetu walipaswa kuwajua. Lakini picha zikaisha. Dada mmoja wa Kisii akauliza, "Na Temu?" Jamaa hamjui. Naftali Temu, mita 10,000, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Kenya, na ilipatikana hapo hapo nyuma ya hilo geti! Tukamuuliza Kipchoge Keino, aliyemwacha mbali Mmarekani Jim Ryun kwenye mita 1,500 kwa 3:34.91, siku ile ile ya marathoni ya Akhwari. Akasema jina amewahi kulisikia. Amos Biwott wa kuruka viunzi na maji, kimya. Daniel Rudisha, baba yake David Rudisha wa mita 800, fedha ya kupokezana vijiti 4x400, kimya. Akhwari ndiyo kabisa.

Halafu akatuambia marathoni ya 1968 alishinda Abebe Bikila. Anawaambia watu wa Afrika Mashariki hivyo, mbele ya watoto! Mzee mmoja wa Arusha akamsahihisha kwa upole kwamba ni Mamo Wolde. Jamaa akacheka, akasema "wote Waethiopia". Hapo ndipo na mimi nilipoishiwa uvumilivu, nikamwambia aturudishe hotelini.

Kampuni nayo baada ya kuandikiwa ikajibu kwamba kuingia ndani "kunategemea hali ya siku husika". Tangazo nimelihifadhi, risiti ninayo, hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Wakatupa ofa ya punguzo kwa safari ijayo. Safari ijayo ya nini? Watu wameomba likizo, wamelipa tiketi za ndege za familia nzima, mzee wa Arusha alitembea na fimbo mpaka pale getini kwa sababu mwaka 1968 alikuwa shuleni na habari za Akhwari alizisikia redioni. Hilo punguzo analifanyia nini?

Wanaouza hiyo ziara wanauza jasho la watu wetu bila kujua hata majina yao, na wanaona sawa kwa sababu mgeni wa kawaida hatagundua. Sisi tumegundua, na hatutanyamaza.

Naomba mambo mawili kwa wadau. Moja, kama kuna aliyewahi kuingia uwanja ule kwa kuomba moja kwa moja UNAM, chuo kikuu chenye uwanja huo, atuwekee hapa utaratibu: unaandika kwa nani, muda gani kabla, kwa Kihispania au Kiingereza kinatosha. Nitarudi na kijana wangu na safari hii sipiti kwa wakala. Pili, kama ulipigwa na tangazo la aina hii, lete risiti yako inbox tuunganishe madai. Benki imetutaka vielelezo kabla ya mwisho wa mwezi, na tukiwa wengi hawataweza kusema ni bahati mbaya ya siku moja.