Miksa ya chaneli 12 lakini laptop inapokea mbili tu, nakosea wapi?

Mwana_Mikindani
Habari wakuu. Nipo Mikindani, narekodi kikundi chetu cha sindimba, ngoma tano na waimbaji watatu, jumla maiki 8. Nina miksa ya chaneli 12 yenye USB, natumia Reaper, programu ya kurekodi kwenye laptop. Sasa ngoma kubwa inammeza mama anayeanzisha nyimbo, nikiipunguza na yeye anapungua. Nimefungua treki 8 nikawasha vitufe vyote vyekundu vya kurekodi, zote zimetoa sauti ile ile!! Na muuzaji aliniapia inarekodi zote 12.

Fundi_wa_Masasi
Pole mkuu. Miksa nyingi za bei yetu hii zinachanganya kila kitu humo humo ndani halafu USB inatoa mbili tu, kushoto na kulia. Ukishakoroga uji na sukari huvitenganishi tena. Tafuta audio intafesi, yani kifaa cha kuingiza sauti za maiki kwenye laptop, kama Behringer UMC1820, ina matundu 8 ya maiki, au miksa ya kidijitali kama XR18, yenyewe USB inapitisha chaneli 18 kila moja kivyake.

Korosho_Mbichi
Ila usije ukafanya ujanja wangu, nilichomeka maiki mbili za USB nikaziunganisha na ASIO4ALL, draiva ya bure inayofanya vifaa viwili vionekane kimoja, kumbe kila maiki ina saa yake ndani ya kupimia sauti, mwanzo safi ila nyimbo ilivyozidi kuwa ndefu ngoma huku mwimbaji kule 😂

Mwana_Mikindani
Nimeazima hiyo UMC1820 kwa jamaa yangu Lindi mjini. Bado naona mbili tu jamani, na kesho asubuhi narudisha

Fundi_wa_Masasi
Kwenye Reaper ingia Options, Preferences, kisha Device chini ya Audio. Chagua ASIO, ile njia ya Windows ya kupitisha chaneli nyingi, na draiva ya Behringer yenyewe, halafu cheki pale kwenye input range, wengi first ni 1 na last ni 2, yani umeiambia mwenyewe isome mbili. Weka last iwe 8. Ukitoka hapo kila treki uipe input yake, mono 1, mono 2 mpaka 8, usipobadilisha zote zitasikiliza tundu la kwanza.

Dada_Nachingwea
Na uangalie nafasi kaka, kwa ubora wa kurekodi wa 48 kHz biti 24, chaneli 8 zinakula kama MB 69 kwa dakika, saa nzima ni GB 4 na kidogo. Halafu ngoma zikishaota moto anzeni hapo hapo msipige stori, upepo wa bahari ukizipoza ngozi inalegea, wimbo wa tatu hautafanana na wa kwanza.

Mwana_Mikindani
Ilikuwa 2 kweli!! Zimeingia zote nane, mama anasikika mpaka anavyovuta pumzi. Kuna jogoo tu kawika kwenye treki ya sita, hiyo naikata

Korosho_Mbichi
Sikiliza na zile saba nyingine kwanza, maiki zote zilikuwa uani hapo hapo

Mwana_Mikindani
Dah. Yupo zote.