Naomba ushauri: kijana aliyeteseka utotoni ananitia hofu

Habari zenu ndugu. Namlea mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 17. Kabla ya kuja kwangu alikulia kwenye vipigo na matusi ya baba mlevi. Darasani yuko vizuri, basi watu wananiambia ameshasahau. Mimi sioni hivyo. Usiku halali, viatu anavyovipenda kamgawia rafiki yake, na juzi kaniambia, "Mama mdogo, bila mimi mngepumua."

Nimesoma utafiti wa Marekani wa 1998, uliohoji watu wazima zaidi ya 9,000: waliopitia aina nne au zaidi za mateso utotoni walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kujaribu kujiua, mara kadhaa kuliko wasiopitia lolote. Si hukumu, najua, wengi wanapona.

Najua pia kumuuliza waziwazi kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Nataka nimuulize leo hii. Dawa zote za nyumbani nimeshazifungia. Mliolea vijana wa namna hii, mlianza kwa maneno gani? Na akigoma kwenda kwa mshauri nasaha, nimshawishije bila kumfanya ajifunge zaidi?