Mbwa wa kushtua sukari ikishuka: sampuli za harufu, matatu na maisha ya fleti

MamaLulu_SouthB
Habari zenu. Binti yangu ana miaka 14, ana kisukari aina ya kwanza. Usiku sukari hushuka hadi 3.2 (mmol/L) bila yeye kuhisi lolote. Tuna mbwa jike wa miezi 16, pua haitulii, na tunataka kumfundisha atuamshe. Tuko ghorofa ya tatu. Sampuli za harufu huchukuliwaje? Anaweza kupanda matatu? Na nyumbani tuangalie nini? Natanguliza shukrani.

PuaNaNyayo
Mama Lulu, mbwa hanusi sukari. Sukari ya damu ikishuka, pumzi na jasho hubadilika. Watafiti wa Cambridge walionyesha mwaka 2016 kwamba kemikali iitwayo isoprini hupanda kwenye pumzi wakati huo, na huenda ndiyo mbwa wanayoinasa. Kwa hiyo shashi yako ya sampuli (kitambaa chembamba cha hospitali) ibebe mate na jasho tu.

Binti akipima akapata kati ya 3.0 na 3.9, na akili yake iko sawa, aweke kipande cha shashi safi mdomoni kwa nusu dakika, kingine afutie shingo na viganja. Kila kimoja kwenye chupa yake ndogo ya glasi, ale sukari papo hapo, chupa ziende friza. Chini ya 3.0 achana na sampuli, mpe sukari kwanza.

Kosa linaloharibu kazi yote ni kuchukua shashi baada ya soda: mbwa anajifunza soda. La pili ni kukusanya za chini peke yake. Chukua pia za 5 hadi 8, kwa glavu zilezile, saa zilezile, friza ileile, la sivyo atajifunza kutofautisha glavu. Andika namba na saa kwenye kila chupa. Iliyoyeyuka usiigandishe tena.

Kisha makopo matatu yenye matundu: moja lina sampuli ya chini, mawili yana za kawaida. Dakika tano, mara mbili kwa siku. Aliyeshika kamba asijue kopo sahihi ni lipi, maana mbwa husoma macho ya mtu haraka kuliko anavyonusa. Badilisha nafasi za makopo kila mara na uyaoshe, kwani mate yake mwenyewe hubaki pale. Zawadi ni maini ya kuchemsha, kipande kisichozidi punje ya haragwe. Omena anaipenda, lakini harufu inaganda vidoleni na kuhamia kwenye chupa. Akipata nane kati ya kumi kwa sampuli ambazo hajawahi kuzinusa, siku kadhaa mfululizo, ndipo umfundishe kugusa goti kwa pua kama ishara ya kushtua. Mazoezi ya saa nane usiku yaje baada ya hapo, kwa sababu mbwa aliyefundishwa mchana tu hulala usiku kama sisi.

Muuguzi_wa_Zamu
Naomba hili lisipotee: mbwa ni nyongeza, hachukui nafasi ya mashine ya kupima sukari. Hukosea pande zote mbili. Akishtua, pima. Chini ya 4.0, gramu 15 za sukari: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa kwenye maji, au nusu ya soda ya kawaida ya mililita 300. Subiri dakika 15, pima tena. Akiwa hajitambui usimmiminie chochote mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbilie hospitali. Mashine ikionyesha 4.6 baada ya mbwa kushtua, usimkemee. Pima tena baada ya dakika 15, huenda inaelekea chini. Zawadi mpe mashine ikithibitisha.

Na 3.2 bila dalili mpelekee daktari wake wiki hii, dozi ya jioni iangaliwe. Mpaka hapo weka kengele ya saa tisa usiku.

VetiWaMbwa
Nyumba yenye kisukari mara nyingi ina chingamu na peremende zisizo na sukari. Soma pakiti: ikiwa na zailitoli (xylitol, kiungo cha kutia utamu), ifungie kabatini. Kwa binadamu haina neno, lakini kwa mbwa huangusha sukari ya damu ndani ya saa moja na kuua ini. Akila, usisubiri dalili, mlete. Sindano zilizotumika ziwekwe kwenye galoni gumu la plastiki lenye kifuniko, lisiwe mfuko wa taka ulioachwa ngazini.

Kupe wa Nairobi wanaleta homa, na mbwa mwenye homa hanusi vizuri. Akiacha kula na ufizi ukawa mweupe, apimwe damu. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, cheti kipige picha.

Ronga_Stage
Matatu: zungumza na makanga kabla ya kupanda, kati ya saa nne na saa tisa gari likiwa na nafasi, na uwe tayari kulipia kiti cha pili. Kaa dirishani, mbwa katikati ya miguu, mdomo ukielekea bodi ya gari. Kwa abiria wengi Waislamu mate ya mbwa ni najisi, na akiwagusa wana kazi ya kuosha. Ni heshima kuwaepusha. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya usafiri wa umma, lakini hakitaji mbwa, kwa hiyo usitegemee kushinda hoja hiyo steji. Keateka (msimamizi wa fleti) mpe barua ya daktari mapema.

Msitu wa Karura wanaruhusu mbwa akiwa kwenye kamba. Adhuhuri weka kiganja cha mkono juu ya lami sekunde saba. Ukishindwa, nyayo zake pia zitaungua.

MamaLulu_SouthB
Asanteni sana. Swali moja: binti husafisha kidole kwa spiriti kabla ya kupima. Ina shida?

PuaNaNyayo
Ina shida, dada. Spiriti itaingia kwenye shashi. Aoshe kwa maji na sabuni isiyo na manukato, akauke kabisa, na afanye hivyo kwa sampuli za chini na za kawaida. Zile mlizokwisha kuchukua kwa spiriti zitupeni.