Diski pepe ikipotea ghafla keneli inaganda, nakosea wapi?

mchongadraiva

Wakuu, naandika draiva (programu inayounganisha keneli na kifaa) ya diski pepe kwenye Linux, keneli (kiini cha mfumo) 6.6. Nyuma yake hakuna kifaa cha kushika kwa mkono. Kuna soketi, na upande wa pili kuna programu inayotunza faili moja kubwa lenye picha ya diski. Maombi yanaenda, majibu yanarudi, ext4 (mfumo wa faili) imekaa juu yake vizuri na nimenakili faili hadi nikachoka. Haijawahi kulalamika.

Balaa ni pale programu ile inapokufa ghafla. Nikiipiga kill -9 (kuiua kwa nguvu) wakati cp (amri ya kunakili) inaendelea, cp inaganda. Ctrl-C haifui dafu, ps inaonyesha D, yaani inasubiri diski na haikatizwi. Nikijaribu kuitoa diski kwa umount, nayo inaingia D. Zikipita sekunde 120 dmesg (ujumbe wa keneli) inaanza kupiga kelele kuwa kuna kazi imekwama, na kuonyesha mlolongo wa funksheni zilizoitana:

```
sync_filesystem
...
del_gendisk
pd_gone
pd_reader
```

Na hii ndiyo pd_gone yenyewe, funksheni yangu ya kuiondoa diski:

```
del_gendisk(d->disk);
put_disk(d->disk);
blk_mq_free_tag_set(&d->tags);
kfree(d);
```

Naiita kutoka pd_reader, uzi wa kusoma majibu (uzi wa keneli, si uzi huu), pale soketi inaporudisha 0, yaani upande wa pili umefunga. Nilishajaribu kuruka del_gendisk niende moja kwa moja kwenye kfree. Haikuganda, lakini sekunde chache baadaye mashine nzima ilianguka. Kwa hiyo sasa hivi chaguo langu ni kuganda au kuanguka. Nisaidieni.

haraka2

Tumia umount -l, inatoka papo hapo. Mimi ndivyo ninavyofanya siku zote.

mzeewasoketi

@haraka2 hiyo inaficha tu. Inaondoa jina kwenye mti wa saraka, lakini ext4 bado iko hai chini, cp bado iko D, na moduli haitatoka. Umefunika shimo kwa mkeka.

@mchongadraiva soma stack yako (ule mlolongo wa dmesg) taratibu. del_gendisk peke yake ni kuaga kwa ustaarabu. Kabla ya kuiondoa diski inauambia mfumo wa faili: "andika kila ulichonacho, tunafunga." ext4 inatii, inatuma maombi ya kuandika, na maombi hayo yanaelekea kwa nani? Kwa marehemu. Lazima uiambie keneli kwanza kwamba diski imekufa, haifungwi. Kazi hiyo ni ya blk_mark_disk_dead. Ukiiita kabla, del_gendisk hairudii ule wito wa kuandika, na maombi mapya yanakataliwa mlangoni.

Ukubali tu kwamba data iliyokuwa kwenye kumbukumbu bila kuandikwa imepotea. Anayeita fsync (kulazimisha data iandikwe) atapata EIO (kosa la kusoma au kuandika), na ndivyo inavyotakiwa. Draiva inayorudisha "sawa" kwa diski iliyokufa ni mbaya kuliko inayoganda.

mchongadraiva

Mzee, asante. Nimeiongeza. Nikaona nipunguze mambo mengi kwa mpigo, nikaondoa ext4 nikapima kwa dd (amri ya kunakili data ghafi) ya iflag=direct, inayosoma diski bila kupitia kumbukumbu, juu ya kifaa kitupu. Bado inaganda, ila mahali pengine:

```
blk_mq_freeze_queue_wait
del_gendisk
pd_gone
pd_reader
```

Hapa sielewi kabisa. Si nimeshasema imekufa?

bitimoja

Umesema imekufa kwa maombi yajayo. Yale yaliyokwisha kutumwa nani ameyafunga? Dd yako ilituma ombi, likapita soketini, mwenye kujibu akauawa. Kwa keneli ombi hilo bado liko njiani. del_gendisk inagandisha foleni na kusubiri kila ombi lirudi, na haitachoka kusubiri.

Sasa angalia anayesubiri ni nani: pd_reader. Na anayetakiwa kuyafunga maombi hayo ni nani? pd_reader huyo huyo. Amekaa mlangoni anamsubiri mgeni ambaye ni yeye mwenyewe.

Kwa hiyo uzi wa kusoma usibomoe nyumba. Ukiona 0, uweke alama ya kufa, uite queue_work, utoke. Kazi ya kubomoa ifanyike kwingine.

Swali: kwenye blk_mq_ops yako (orodha ya funksheni za draiva) ile .timeout inarudisha nini?

mchongadraiva

BLK_EH_RESET_TIMER. Niliinakili kwenye mfano fulani, sikuifikiria sana.

bitimoja

Nilijua 😀 Kila sekunde 30, ambazo ndizo za kawaida kama hujabadilisha, keneli inakuuliza "hili ombi limechelewa, tufanyeje?" na wewe unajibu "subiri tena". Milele. Kama alama ya kufa imewekwa, lifunge ombi kwa kosa na urudishe BLK_EH_DONE. RESET_TIMER iache kwa hali ambayo kweli unategemea jibu.

mzeewasoketi

Kwenye ile kazi ya kubomoa, mpangilio ambao mimi ningeufuata ni huu:

```
WRITE_ONCE(d->dead, true);
kernel_sock_shutdown(d->sock, SHUT_RDWR);
blk_mq_quiesce_queue(d->disk->queue);
blk_mq_tagset_busy_iter(&d->tags, pd_fail_one, NULL);
blk_mq_unquiesce_queue(d->disk->queue);
blk_mark_disk_dead(d->disk);
del_gendisk(d->disk);
blk_mq_free_tag_set(&d->tags);
put_disk(d->disk);
```

Soketi inafungwa mapema kwa sababu quiesce (kusimamisha utumaji wa maombi) inasubiri kila aliye ndani ya queue_rq (funksheni yako ya kutuma ombi) atoke, na huenda mmoja wao amekwama kwenye kutuma. Baada ya quiesce hakuna ombi linaloweza kuteleza katikati: ama limeshahesabiwa na busy_iter (inayopitia maombi yaliyo njiani) italipata, ama litakuja baadaye, likute d->dead, na queue_rq ilirudishe na BLK_STS_IOERR.

Umeona kfree haipo. Hiyo ndiyo iliyokuangushia mashine. Diski kufa ni tukio moja, kumbukumbu yake kuachiliwa ni tukio jingine, na kati yao zinaweza kupita saa nzima. Mtu mwenye faili limefunguliwa bado ameshika pointa inayofika kwenye d yako. Siku akifunga, keneli inaita release na kugusa takataka. Tangu 5.18 block_device_operations ina free_disk, inayoitwa pale mshikaji wa mwisho anapoachia. kfree ihamie humo. Fungua virtio_blk.c, draiva iliyomo kwenye keneli, uone inavyofanya hivyo hivyo, halafu nbd.c (diski ya mtandaoni) kwa sehemu ya maombi yaliyo njiani. Ya pili inafanana sana na hali yako.

fundi_irp

Nikidokeza kutoka Windows, ambako ndiko ninakoshinda: tofauti hiyo huku imewekwa wazi tangu Windows 2000. Kwanza inakuja IRP_MN_SURPRISE_REMOVAL (taarifa kwamba kifaa kimeondoka ghafla), hapo unakata kazi na kuyarudisha maombi yote yakiwa na kosa. IRP_MN_REMOVE_DEVICE inakuja pale tu mafaili yote yaliyofunguliwa yanapofungwa, na ndipo unapofuta vitu vyako. Wageni wengi wanafuta kwenye ya kwanza, wanapata skrini ya bluu, kisha wanalaumu vifaa.

nukta7

Samahani kuingilia, mbona wote mnakimbilia kuzika? Programu inaweza kuwa imewashwa upya tu, ikarudi baada ya sekunde 5. Mngeiacha ext4 isubiri kidogo. nbd ina dead_conn_timeout (muda wa kusubiri muunganisho urudi) kwa kazi hiyo, na NVMe ya mtandaoni (diski za kasi kupitia mtandao) kwa kawaida inavumilia sekunde 600 kabla ya kukata tamaa.

mzeewasoketi

Hoja nzuri, ila kwanza ajue kufa vizuri. Kusubiri bila kikomo ndiko kulikomleta hapa. Akishakuwa na njia ya kufa inayofanya kazi, aongeze muda wa kusubiri mbele yake.

mchongadraiva

Mrejesho. Imetoka! cp inapata "Input/output error", umount inarudi, rmmod (kuondoa moduli) inapita. Nilirudia kill -9 mara 50 huku fio (programu ya kupima diski) ikikimbia, keneli ikiwa na KASAN (kigunduzi cha makosa ya kumbukumbu).

Mara ya 31 KASAN ikapiga kelele. pd_fail_one ilikuwa imefunga ombi ambalo pd_reader ilikuwa inalifunga wakati huo huo, kwa jibu lililofika sekunde ya mwisho. Nimeweka biti moja kwenye kila ombi, na kila upande unapita kwenye test_and_clear_bit kwanza. Atakayeikuta biti ndiye anayefunga. Pia sasa kazi ya kubomoa inasubiri pd_reader itoke kabisa kabla ya kugusa tags. Nimerudia mara 200, kimya.

@nukta7 nitaweka kusubiri kwa sekunde 20, ziwe kigezo cha moduli. Nilitaka kupima pia kwa device_del (amri ya kuchomoa kifaa) ya QEMU, programu ya mashine pepe, inafaa?

bitimoja

Hapana, kwa diski ya PCI ile ni ombi la heshima: mashine ya ndani inaarifiwa na inajibu kabla kifaa hakijaondoka. Wewe baki na kill -9. Na ujaribu kuipiga wakati add_disk bado inasoma jedwali la sehemu za diski, hapo wengi huanguka.

mchongadraiva

😅 Imeganda. Narudi.